Gari la kwanza la kijana: jinsi ya kununua lililotumika Nairobi bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Nilikuwa nimeshalipenda. Demio ya bluu, safi kama sahani ya wageni, kwenye yadi moja ya Ngong Road, na mwanangu alishaanza kujipiga picha kando yake. Fundi niliyemtoa Kariobangi asubuhi ile akaingia kwenye kiti cha dereva, akazungusha ufunguo bila kuwasha injini, akaniita.

"Mama, hebu hesabu taa."

Nikahesabu: betri, oili, breki ya mkono, injini, ABS.

"Ya eabegi iko wapi?"

Haikuwepo. Gari likiwa zima, ufunguo ukifika hapo taa ya mifuko ya hewa huwaka sekunde chache, mfumo unajipima, halafu inazima yenyewe. Isipowaka kabisa, shuku kwamba kuna mtu ameizima, na mara nyingi sababu ni kwamba mifuko ilishafumuka kwenye ajali na hakuna aliyegharamia mingine. Usukani ule mzuri ulikuwa na uwezekano mkubwa wa kufunika shimo tupu. Nilipomgeukia muuzaji, alikuwa amepokea simu ambayo sikuisikia ikilia.

Nilitafuta kwa miezi mitatu, tukakagua magari kumi na moja, nikanunua moja. Nimeyaandika haya kwa mzazi, shangazi au mjomba anayemtafutia kijana wa miaka 18 au 19 gari la kwanza hapa jijini. (Leseni ya gari dogo Kenya huanzia miaka 18. Kama wako ana 17 na anakutumia picha za magari kila jioni, zipokee tu.) Msimamo wangu ni kwamba gari la kijana hununuliwa kwa breki, matairi na historia yake. Sura ije mwisho, na isipokuja si hasara.

Hatua ya kwanza: gawa pesa kabla hujatoka nyumbani

Mtu ana laki nane, ananunua gari la laki nane. Wiki ya pili anazunguka akikopa hela za matairi, na kijana anaendesha hivyo hivyo huku anasubiri. Mimi niliigawa bajeti mara nne, nikaweka robo moja kando nisiiguse hata muuzaji anilie machozi. Robo hiyo iliisha yote: matairi, betri, sevisi, bima na ada za kuhamisha umiliki.

Bima iulizie mapema, kabla hata hujachagua gari. Sheria ya bima ya magari, ile ya Sura ya 405, inalazimisha bima ya mtu wa tatu, na hiyo inawalinda wale utakaowaumiza. Gari lako likiharibika ni shauri yako. Komprehensivu hulipia na lako. Mpigie wakala na umweleze ukweli mtupu: dereva ana miaka 18, leseni yake ina miezi miwili. Kisha muulize kama kampuni inachukua gari la umri unaoutafuta, maana nyingi zina ukomo wa miaka kwa komprehensivu. Muulize pia kuhusu ekses, yaani sehemu ya hasara utakayojilipia mwenyewe. Mara nyingi dereva aliye chini ya miaka 21, au ambaye leseni yake haijafikisha mwaka, huongezewa ekses nyingine juu ya ile ya kawaida, na maandishi yake huwa madogo kweli kweli.

Kuna wanaoficha kwamba kijana ndiye atakayeendesha ili malipo yashuke. Siku ya ajali kampuni inakuwa na sababu halali ya kukataa kulipa. Mtaje.

Hatua ya pili: chagua gari linalochosha

Kuchosha kutazama, nina maana. Gari ambalo hakuna mtu atageuza shingo likipita, na ambalo kila fundi kuanzia Kariobangi hadi Kawangware amewahi kulifungua.

Hapa kuna mambo mawili yanayovutana. Gari dogo kabisa linakula mafuta kidogo na ni rahisi kuliegesha. Lakini likigongana na kubwa, lile jepesi ndilo linaloumia zaidi pamoja na waliomo, na barabara zetu kijana atakuwa anazigawana na matatu na malori ya mchanga. Kwa hiyo sishauri kwenda chini kabisa. Vitz ya sisi 1000 (cc, ukubwa wa injini) inatosha mjini ukiwa peke yako. Ipakie vijana watano na uingie Thika Superhighway kutokea barabara ya pembeni uone jinsi inavyoomba radhi. Ningetafuta kati ya sisi 1300 na 1500: Toyota Axio au Fielder, Vitz ya 1300, Honda Fit, Mazda Demio (nyingine, si ile ya bluu). Spea zake zimejaa Kirinyaga Road, mpya na zilizotumika, na bei zake zinajulikana.

Nissan Note na Tiida mara nyingi utazipata kwa bei nafuu kuliko Toyota ya mwaka huo huo. Sizikatai, ila giaboksi ya CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua, ipimwe kwa makini kuliko kitu kingine chochote, na nitaeleza jinsi gani. Probox ni ngumu kama jiwe, lakini uliza imeishi maisha gani: iliyobeba abiria tisa vijijini miaka minne haiwezi kuwa sawa na iliyosambaza mikate hapa mjini.

Usiyoyataka ni yenye nguvu za kumshinda mtoto. Subaru ya tabo, kifaa kinachoizidishia injini nguvu. Mark X ya sisi 2500 inayosukumwa na magurudumu ya nyuma: mvua ikinyesha, mguu mzito kwenye kona unaitupa sehemu ya nyuma nje ya barabara kabla kijana hajajua kimetokea nini. Gari lolote lililoteremshwa springi au kuwekewa ekzosi ya kunguruma liache, kwa kuwa aliyelifanyia hivyo hakuwa akiliendesha pole pole.

"Mathe, hata Impreza ya kawaida tu?" mwanangu aliniuliza. Impreza ya 1500 isiyo na tabo haina dhambi. Lakini nembo ile ina wenyewe, na kila taa nyekundu atakuta mwenzake anayetaka kujua nani atatoka wa kwanza. Nilikataa, na tulinuniana siku mbili.

Kuhusu mwaka wa kutengenezwa, kuna jambo moja lenye thamani kuliko rimu na redio. Japani ililazimisha mfumo wa kuzuia gari kuteleza kwa aina mpya za magari ya abiria kuanzia Oktoba 2012, na kwa zile zilizokuwa zikiendelea kutengenezwa kuanzia Oktoba 2014. Yale madogo sana ya sisi 660 yalipewa muda zaidi. Mfumo huu huhisi gari likianza kuserereka, ukabana breki ya gurudumu moja moja mpaka likae sawa. Kosa la dereva mgeni ni lile lile siku zote: boda inachomoka, anauvuta usukani kwa hofu, anauvuta tena kurudi, gari linazunguka. Kwa hiyo pesa zikiruhusu, tafuta lililotengenezwa 2015 kuja juu. Utalijua kwa taa au kitufe chenye picha ya gari na alama mbili za matairi yaliyopindapinda.

Usidanganywe na namba za usajili. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza huko lilikotoka, kwa hiyo lenye namba ya KDA, ambalo watu hulitaja kama jipya, laweza kuwa la 2014. Namba inakwambia lilisajiliwa hapa lini. Umri wake halisi soma kwenye logibuku.

Na kama bajeti inakushusha kwenye magari ya miaka ya 2000 hadi katikati ya miaka ya 2010, uliza kuhusu mifuko ya hewa ya Takata, kampuni ya Japani. Mamilioni ya magari duniani, zikiwemo Fit na Vitz, yaliitwa na watengenezaji kwa sababu kifaa cha kufumua mfuko kingeweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Namba ya sasi unaweza kuiingiza kwenye tovuti ya mtengenezaji kule Japani, au uwapelekee wawakilishi wake hapa Nairobi wakuangalizie kama kazi ilifanyika.

Hatua ya tatu: utatafuta wapi

Yadi za Ngong Road na Kiambu Road zina magari mengi mahali pamoja, na yote yameoshwa mpaka injini. Injini inayong'aa hainipi raha; oili inayovuja imefutwa pamoja na vumbi. Minada ya magari yaliyochukuliwa na benki ni rahisi kwa bei, lakini mara nyingi hutaruhusiwa kuliendesha, nami sitamnunulia mtoto kitu ambacho sijakiendesha.

Nililonunua nililipata kwa mwenyewe. Ukienda kwa mtu kwake unaona anapoliegesha, unamwomba risiti za sevisi, unampigia fundi wake. Broka atakwambia ni gari la mama mmoja daktari, anakaa Runda, anaenda nalo kanisani tu. Mwombe akuunganishe na huyo mama. Katika magari kumi na moja nilisikia habari zake mara nne na sikuwahi kumwona.

Chunguza pia kama lilikuwa teksi ya programu ya simu. Si dhambi kufanya kazi, ila kilomita za mwaka mmoja wa teksi ni za miaka mitatu ya mtu wa ofisini. Dalili zake ziko nyuma: kiti cha abiria kimebonyea kuliko cha mbele, vitasa vya milango ya nyuma vimelika, na kwenye kioo cha mbele, karibu na usukani, kuna duara hafifu la kishikio cha simu ambalo kitambaa hakikulifuta.

Hatua ya nne: karatasi kabla ya boneti

Hii ni kazi ya jioni moja ukiwa umekaa kwenye kochi. Omba namba ya usajili, ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwenye huduma za NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, lipia utafutaji wa rekodi za gari. Utapata jina la mwenye gari, namba ya sasi na ya injini. Linganisha jina na kitambulisho cha anayekuuzia. Ukikuta benki au kampuni ya mikopo imeandikwa pamoja na mwenye gari, kuna deni. Tangu sheria ya 2017 ya dhamana za mali zinazohamishika, kuna pia rejista ya mali zilizowekwa dhamana, nayo hutafutwa kupitia eCitizen. Mkopo wa logibuku umekuwa jambo la kawaida mno kwetu. Angalia kote kuwili.

Jibu linalopaswa kukusimamisha ni hili: "Nililinunua kwa mtu, sikubadilisha jina tu." Uhamisho huanzishwa na aliyesajiliwa, kwenye akaunti yake mwenyewe. Kama huyo mtu yuko Qatar na hapokei simu, hujanunua gari, umekodi matatizo.

Ukifika kwa gari, soma namba ya sasi kwenye chuma chenyewe. Herufi ziwe zimenyooka, zisiwe na alama za kuchomelea wala rangi mpya pembeni mwake. Kama muuzaji anadai gari ni la juzi kutoka Japani, omba karatasi ya mnada wa kule, inayoonyesha gredi ya hali yake: gredi kama 4 au 4.5 ni nzuri. R au RA ina maana liligongwa likatengenezwa.

Hatua ya tano: ukaguzi, na injini iwe baridi

Enda na fundi wako, si wa yadi. Usipokuwa naye, AA Kenya hukagua magari kwa ada. Mwambie muuzaji usiku uliotangulia kwamba unataka kulikuta halijawashwa, na ukifika weka kiganja kwenye boneti. Likiwa la moto saa mbili asubuhi, limeamshwa mapema kuficha jinsi linavyoamka. Moja tulilokuta hivyo Kiambu Road tuliliacha likapoa tukinywa chai. Lilipowashwa tena lilitoa moshi wa bluu, yaani oili inaungua ndani.

Kwanza mwili. Simama kona ya mbele, chuchumaa, tazama ubavu wote kwenye mwanga wa jua la asubuhi. Bodi iliyonyooshwa huonyesha mawimbi. Gonga kwa kidole: chuma kinalia, lipu inabwata. Angalia nati zinazoshika boneti na mabawa ya mbele. Rangi ikiwa imechubuka kwenye pembe zake, zimewahi kufunguliwa. Soma maandishi madogo kwenye vioo vyote. Kimoja kikiwa na nembo tofauti na vingine, kilibadilishwa, na uulize kwa nini.

Baada ya mvua za Aprili na Mei 2024, nimeongeza jambo moja kwenye orodha yangu. Mafuriko yale yaliyazamisha magari mengi hapa jijini, na sehemu ya hayo yalikaushwa yakarudi sokoni. Vuta mkanda wa kiti taratibu mpaka mwisho wake kabisa: kipande ambacho hakitoki kila siku huweka mstari wa tope. Inua zulia la buti pale gurudumu la akiba linapolala, pitisha kidole kwenye pembe. Nusa ndani ukiwa umefunga milango. Manukato makali ya kutundika kwenye kioo ni swali, si jibu. Maji yakishaingia kwenye nyaya, gari hilo litakusumbua kwa hitilafu zisizo na mwisho, na hakuna bei inayolifanya kuwa nafuu.

Chini ya boneti usipoteze muda mwingi. Fungua kifuniko cha oili: uji wa rangi ya maziwa ndani yake mara nyingi ni maji yanayochanganyika na oili, ondoka. Kulanti iwe na rangi yake, nyekundu, kijani au ya waridi, isiwe maji ya kutu. Na usifungue radieta injini ikiwa moto. Fundi aunganishe mashine ya kusoma kompyuta ya gari, kisha airudie baada ya kuliendesha, maana hitilafu zilizofutwa asubuhi hurudi zikipewa nafasi.

Taa za dashibodi umeshazijua. Hesabu zinazowaka, hesabu zinazozima.

Mileji usiiamini peke yake, kuirudisha nyuma ni kazi ya dakika chache kwa anayejua. Iulize miguu na mikono ya dereva aliyetangulia: raba ya pedali ya breki iliyolika upande mmoja na ngozi ya usukani iliyong'ara kama kiatu cha mgambo haziendi pamoja na kilomita 60,000.

Matairi, soma tarakimu nne za mwisho za maandishi yanayoanza na DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye miaka saba laweza kuwa na meno mazuri na bado lisishike vizuri lami ya mvua, kwa sababu raba imekuwa ngumu. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo, kwenye milimita 1.6, tairi likilika mpaka likalingana navyo, limekwisha. Tairi lililolika upande mmoja tu linakwambia mpangilio wa magurudumu umeharibika, au bushi zimechoka, au sasi imepinda. Fundi akae chini ya gari mpaka ajue ni lipi kati ya hayo.

Hatua ya sita: liendeshe, wewe kwanza

Muuzaji atapendekeza mzunguko mmoja wa mtaa. Kataa kwa upole. Ukiwa upande wa Ngong Road, Valley Road ni mtihani wa bure: kuteremka kunapima breki, kupanda kunapima giaboksi. Ukishuka, bana breki kwa nguvu mahali pasipo na gari nyuma yako. Lisivute kushoto wala kulia, na usukani usitetemeke. Ukipanda na CVT, kanyaga taratibu kisha zaidi. Mlio wa injini ukipanda juu huku mwendo umebaki pale pale, au gari likipiga mitikisiko midogo kama mtu mwenye kwikwi, giaboksi inaomba hela ambazo hutaki kusikia ni ngapi. Lisimamishe, hamisha kutoka kwenda mbele hadi kurudi nyuma. Likisita sekunde mbili ndipo ligonge, ni habari hiyo hiyo.

Southern Bypass inakupa mwendo wa 80 bila kubughudhiwa. Funga vioo, zima redio, sikiliza. Mvumo unaoongezeka na mwendo ni beringi. Kisha tafuta kipande cha barabara ya mawe, na hicho hakikosi Nairobi, usikilize shoki na vishikio vya chini vikilalamika.

Mpishe kijana nyuma ya usukani mwishoni, mahali tulivu. Je, anaona vizuri nyuma, au nguzo za paa zinamziba? Mkanda unamkaa begani au shingoni? Wangu ana futi sita na inchi mbili. Magari mawili kati ya kumi na moja tuliyakataa kwa sababu magoti yake yaligusa usukani. Hakikisha pia daraja lililoandikwa kwenye leseni yake linamruhusu kuendesha aina hiyo ya gari, kabla hajatia ufunguo.

Hatua ya saba: kulipa

Bei ijadiliwe na orodha ya fundi mkononi: matairi kiasi hiki, padi za breki kiasi hiki. Usibishane kuhusu uzuri wa gari, bishana kuhusu risiti.

Pesa zipite benki, mkutane huko huko. Mkataba wa mauzo uandikwe, bora mbele ya wakili, ukiwa na nakala za vitambulisho na PIN za KRA (namba za kodi) za pande zote mbili, namba ya sasi, tarehe na saa ya kukabidhiana. Saa ina maana: gari likipigwa picha na kamera saa nne na wewe ulilichukua saa sita, karatasi itasema. Kisha uhamisho uanzishwe kwenye simu ya muuzaji mkiwa bado mmekaa pamoja, nawe uukubali kwenye yako. Sheria ya trafiki inakupa siku 14 za kulitumia gari barabarani kabla ya jina kubadilishwa, na mwenye jina kwenye rekodi ndiye anayehesabiwa mmiliki mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sisi tulimaliza kwa kikombe kimoja cha chai.

Hatua ya nane: wiki mbili za kwanza

Gari lilale kwa fundi kabla kijana hajalizoea. Badilisha oili, chujio, maji ya breki na kulanti bila kujali muuzaji alisema nini. Matairi mabovu yaende siku hiyo hiyo, mawili mawili kwa ekseli moja. Pembetatu za kuakisi, laifusava kwa jina la barabarani, ziwe butini. Ni sharti la sheria na ni kitu cha kwanza polisi atakachouliza.

Sisi tulikubaliana kwa maandishi, tukabandika kwenye friji: miezi sita ya kwanza hakuna Thika Road baada ya saa tatu usiku, abiria asizidi mmoja, simu iko kwenye kisanduku cha mbele. Expressway ruksa mchana, kwa 80 iliyoandikwa kwenye mabango. Aliniomba tuongeze kifungu kwamba mimi nisimpigie simu akiwa njiani. Alikuwa na haki, nikatia saini.

Jambo la mwisho, mfanyishe zoezi la kubadilisha gurudumu, yote manne, mahali penu pa kuegesha, kabla hajalazimika kulifanya Outer Ring usiku. Wangu alitumia karibu saa mbili, mlinzi wa geti akimshikia tochi na kumpa ushauri ambao hakuuomba. Magurudumu matatu yalikwenda vizuri. La nne, nyuma kushoto, spana haikuingia. Mwenye gari wa zamani aliwahi kubadilisha nati za gurudumu hilo peke yake, za saizi nyingine, na hakuna kati yetu, mimi, mwanangu wala fundi, aliyeliona kwenye ukaguzi wote ule. Sasa kuna spana mbili butini, moja imefungwa utepe mwekundu.